Ramani inayojibu ukiigusa: si Google, si droni, na haikuoni

Siku chache kabla ya Sikukuu nilituma faili moja katika kundi la WhatsApp la ukoo wetu. Kundi lina watu wa Unguja na Pemba, wa Dar es Salaam, na wawili watatu walioko Maskati. Faili lenyewe lilikuwa ramani ya visiwa vyetu iliyopakwa rangi: ukigusa mkoa, kinatokea kisanduku chenye jina la mkoa huo na idadi ya watu wake kwa sensa ya 2022. Basi, hakuna zaidi. Nilidhani watu watagusagusa, watafurahi, kisha waendelee na mjadala wa nguo za watoto.

Kumbe nimechokoza nyuki. Ami yangu mmoja aliandika kwa herufi kubwa kwamba mtu asifungue, hicho ni kirusi, kwa sababu jina la faili limeishia na .html na yeye amezoea picha na PDF. Binamu akauliza kwa nini nihangaike ilhali Google walishachora zamani. Mwengine akataka kujua kama hiyo ramani inatuona tulipo. Kijana wetu wa chuo akaapa kwamba imepigwa kwa droni. Na shangazi yangu wa Konde, kaskazini ya Pemba, ambaye hajapata kukaa mbele ya kompyuta, akatuma sauti ya nusu dakika: "Mwanangu, mbona sisi na watu wa kusini umetupaka rangi moja? Huku kwetu nyumba na nyumba katikati kuna shamba la muhogo. Nikenda Chake kwa nduguyo, ukuta kwa ukuta. Hiyo ramani yako imetazama nini?"

Niliwajibu wote kwa mkato, na kwa mkato sikueleweka. Haya ndiyo majibu marefu. Shangazi nitamweka karibu na mwisho, maana swali lake ndilo lililonifanya niirudie kazi nzima.

Ramani bubu na ramani inayojibu

Ramani iliyotundikwa ukutani skuli ni bubu. Yote iliyo nayo iliyaweka wazi siku ilipochapwa. Ukitaka kujua Micheweni ina watu wangapi na haikuandikwa, utaikodolea macho mpaka kengele ya kutokea. Picha ya ramani kwenye simu ni bubu vilevile. Ukiivuta kwa vidole viwili herufi zinakuwa kubwa na kuvunjikavunjika, lakini haitokei barabara wala kijiji ambacho hakikuwemo.

Kuna ramani ya aina nyengine. Ukiikaribia, inatoa vitu vidogo ambavyo mwanzo haikuvionesha. Ukigusa mahali, inakwambia habari za pale. Ukitaka kuona skuli bila ya vituo vya afya, unazima vituo vya afya na skuli zinabaki. Jina lake la kitaalamu bado halijatulia katika Kiswahili, kwa hiyo mimi naiita ramani inayojibu: unauliza kwa kidole, inajibu kwa maandishi.

Ramani ya Google ni mojawapo ya ramani hizo, kama daladala ilivyo mojawapo ya magari. Mtu ambaye maisha yake yote amepanda daladala tu hana kosa akidhani kila gari lina konda. Google inajibu yale ambayo wenyewe wameyatia: duka liko wapi, njia ipi fupi, hoteli gani imesifiwa. Muulize kila shehia ina visima vingapi vilivyoanza kutoa maji ya chumvi, hana habari. Hesabu hiyo anayo mtu wa hapa hapa, katika daftari au katika jedwali la Excel. Kutengeneza ramani yako ni kulichukua daftari hilo na kulitandaza juu ya ardhi.

R ni nini

Mimi hutumia lugha ya kompyuta iitwayo R. Ndiyo, jina lake ni herufi moja, na kuitafuta mtandaoni kunachosha kwa sababu hiyo. Ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, Ross Ihaka na Robert Gentleman. Majina yao yote mawili yanaanza na R. Toleo la 1.0.0 lilitoka Februari 2000. Ni ya bure, kupakua na kutumia, na inakwenda hata kwenye kompyuta ya mkononi iliyochoka.

Kazi yake hasa ni hesabu na takwimu. Tofauti yake na Excel ni kwamba Excel unaiongoza kwa mkono, unabonyeza hapa, unavuta pale, na ukishafunga hakuna anayejua ulibonyeza nini. Katika R unaandika maagizo, na maagizo yanabaki yameandikwa. Sensa nyengine ikija, unabadilisha namba na kuyaendesha tena. Aliyekaa mezani kwako anaweza kuyasoma na kukwambia ulipokosea, jambo ambalo halipendezi siku hiyo ila linakuokoa mwezi wa pili.

Ila R yenyewe haijui kuchora ramani ya kufungua kwenye simu. Inaazima. Chombo kinachochora kinaitwa Leaflet, kimeandikwa kwa JavaScript, lugha ya kurasa za mtandao, na aliyekianzisha ni Volodymyr Agafonkin wa Ukraine, mwaka 2011. Ndani ya R kuna kifurushi (si cha bando, ni maagizo yaliyotungwa tayari) chenye jina hilohilo, leaflet, ambacho kazi yake ni ukalimani: wewe unasema kwa R, chenyewe kinamwambia Leaflet kwa JavaScript. Wanaotumia Python, lugha nyengine ya kompyuta, wana kifurushi chao, folium, nacho kinaishia kwa Leaflet huyohuyo. Kwa hiyo ukiwasikia vijana wanabishana R na Python ipi inachora ramani nzuri zaidi, jua wanagombania milango miwili ya jiko moja.

Haya ndiyo maagizo kamili ya ramani ndogo kabisa, yenye alama moja juu ya Chake Chake:

library(leaflet)
leaflet() |>
  addTiles() |>
  addMarkers(lng = 39.77, lat = -5.25, popup = "Chake Chake")

Yanatisha kwa sura, lakini mfikirie muuza urojo. Anachukua bakuli tupu, kisha anatia mchuzi, kisha anatia bajia na kachori, kisha anamalizia kwa chatne na chipsi za muhogo. Ile alama |> inasomeka "kisha". Mstari wa kwanza unaleta vyombo mezani. leaflet() ni bakuli tupu. addTiles() inatia mchuzi, yaani ramani ya chini yenye bahari, barabara na majina. addMarkers inaweka alama pale ulipotaja, na popup ni maneno yatakayotokea ukiigusa. Ukitaka mipaka ya mikoa unaongeza "kisha" nyengine. Hupendi alama, unafuta mstari mmoja, mchuzi unabaki. Na utaratibu una maana: kilichotiwa baadaye kwa kawaida ndicho kinachokaa juu, kwa hiyo ukitia eneo lililojaa rangi baada ya vidoto vyako, vidoto vitazama chini yake.

Bando linakwenda wapi

Huo mchuzi wa chini hautoki kwangu. Unatoka OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na inayochorwa na watu wa kujitolea, wakiwemo wa visiwani humu. Sharti lao ni jepesi: jina lao lionekane pembeni ya ramani. Usilifute.

Ramani hiyo haiji nzima. Imekatwa vigae, kama vya sakafu, vingi vikiwa na upana wa nukta 256. Ukiwa mbali kabisa, dunia yote ni kigae kimoja. Ukikaribia hatua moja, kigae kinapasuliwa vinne. Hatua ya pili 16. Hatua ya 10 vimeshafika 1,048,576. Simu yako haivichukui vyote, inaomba vile tu vinavyotosha kujaza kioo chake. Ndiyo maana mtandao ukiwa dhaifu unaona miraba ya kijivu inayojaa mmoja mmoja, kama fundi anayepanga sakafu huku akingoja saruji.

Ukituma faili kama nilivyotuma mimi, mipaka, rangi na maneno ya kwenye visanduku yamo ndani ya faili lenyewe, na yataonekana hata bila ya bando. Kinachohitaji mtandao ni vigae vya chini tu. Jamaa aliyelifungua baharini baina ya Unguja na Mkoani aliniambia ameona mikoa mitano inaelea kwenye ukungu. Sawasawa, ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Na ami, kuhusu kirusi: hakuwa mjinga. Faili la .html linaweza kubeba maagizo ya kompyuta, na langu limejaa maagizo hayo, vinginevyo lisingejibu ukiligusa. Kwa hiyo kama hujui aliyekutumia, au hukulitarajia, liache. Lakini mwisho wa jina la faili pekee haumfanyi mtu mwizi.

Droni na kuonekana

Kijana wa chuo alikuwa na sababu ya kusema droni. Mwaka 2016 ulianza mradi wa kupiga picha visiwa vyetu kwa droni, wakishirikiana Kamisheni ya Ardhi, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na Benki ya Dunia, na vijana wa SUZA walikuwa miongoni mwa waliozirusha. Watu wengi waliziona zikipita juu ya mikarafuu na habari ikakaa vichwani. Picha zile unaweza kuzitandaza chini ya ramani mahali pa vigae. Lakini ramani yangu haina hata picha moja ya hewani. Ina mistari ya mipaka na namba za sensa.

Je, inakuona? Ramani ya namna hii haijui ulipo. Ukurasa ukitaka kujua, kivinjari chako kinakuuliza kwanza kama unaruhusu, na wangu haukuuliza. Kitu pekee kinachotoka ni maombi ya vigae: kompyuta za OpenStreetMap zinajua kuna simu fulani imeomba vigae vya Pemba. Hiyo ni sawa na kufungua ukurasa wowote mwengine.

Hatari ya kweli iko upande wa mtengenezaji, na watu hawaiulizi. Kila unachokitia katika visanduku kimo ndani ya faili, na anayelipokea faili amepokea vyote, hata ambavyo hakuvigusa. Ukitengeneza ramani ya wagonjwa wa maradhi fulani, ukatia majina ili yakusaidie wewe tu, kisha ukaituma katika kundi la kazini, umesambaza orodha ya wagonjwa. Hata bila ya majina haitoshi. Nyuzi moja ya latitudo ni kiasi cha kilomita 111 juu ya ardhi. Desimali mbili zinakupa usahihi wa kama kilomita moja. Desimali tano, kama mita moja. Kwetu, kidoto chenye desimali tano ni mlango wa mtu, na sheha atakwambia nani analala chumba kipi. Ramani kama hiyo ijumlishwe kwa shehia au wilaya kabla haijatoka mezani kwako.

Kazi yenyewe iko wapi

Wanafunzi wangu hudhani ugumu uko katika yale maagizo. Maagizo ni asubuhi moja. Kinachokula wiki ni data.

Anza na mahali. Kila sehemu duniani ina namba mbili: latitudo, umbali wake kaskazini au kusini ya ikweta, na longitudo, umbali wake mashariki au magharibi ya mstari unaopita Greenwich. Mji wa Zanzibar uko kama -6.16 na 39.19. Hiyo alama ya kutoa inasema tuko kusini. Tatizo ni kwamba ukinakili kutoka Google, latitudo inakuja kwanza, ilhali mafaili mengi ya mipaka yanatanguliza longitudo. Ukizigeuza, Forodhani inahamia Hispania, baina ya miji ya Cáceres na Mérida. Ukisahau alama ya kutoa, inakwenda kusini mwa Ethiopia. Na ukiacha nafasi tupu ambayo mtu baadaye ataijaza sifuri mbili, kituo chako kinatua katikati ya maji ya Ghuba ya Guinea, penye sifuri ya ikweta na sifuri ya Greenwich. Kituo changu cha kwanza cha afya nilikijenga Hispania. Niliduwaa kama saa nzima nikiitazama Pemba iliyo tupu kabla sijafikiri kurudi nyuma na kuitazama dunia yote.

Kosa la hila zaidi ni pale alama inapokaa karibu na mahali pake lakini si penyewe, skuli ikaonekana imesimama mikokoni. Mara nyingi ni ramani za zamani za upimaji, ambazo kwa Afrika Mashariki zilipimwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, huku simu zetu zikitumia WGS 84. Namba zilezile zikisomwa kwa msingi usio wake, mahali panasogea mita mia kadhaa. R inajua kuhamisha kutoka msingi mmoja kwenda mwengine kwa agizo moja, lakini lazima wewe uiambie ulikotoka.

Mipaka nayo. Aina ya faili la mipaka inayopatikana zaidi, shapefile, si faili moja bali kaya: .shp yenye umbo, .shx, .dbf yenye majina na namba, na .prj yenye msingi wa vipimo. Mtu akikutumia .shp peke yake kwa kuwa ndiyo iliyo kubwa, amekupa kinu bila ya mchi. Mwambie azifunge zote pamoja katika zip.

Halafu majina, na hapa ndipo nilipozeeka. Faili la mipaka limeandika "Chake Chake", jedwali la sensa limeandika "Chakechake", la wizara moja lina "Chake-Chake". Wewe na mimi tunaona mji mmoja. R inaona miji mitatu isiyojuana, na wilaya nzima inabaki bila ya rangi. Aliyeipokea ramani hajui hilo. Yeye anasema, tazama, Chake hawakuhesabiwa. Katika mafaili ya nje ni balaa zaidi, maana mikoa yetu imeandikwa kwa Kiingereza, na kila mwandishi ana Kiingereza chake. Tena mipaka inabadilika. Sensa ya 2012 ilikuwa na wilaya 10 za Zanzibar. Ya 2022 ina 11, kwa kuwa Magharibi imegawanywa A na B. Ukichukua mipaka ya zamani na namba mpya, utapata tundu kubwa pembeni ya Mjini.

Shangazi na rangi

Sasa Konde. Ramani yangu ya kwanza ilipaka kila mkoa kwa idadi ya watu: wengi rangi imekoza, wachache imepauka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima. Kaskazini Pemba 272,091. Kusini Pemba 271,350. Tofauti ni watu 741, na kompyuta ikawapaka rangi moja, kwa haki kabisa.

Lakini shangazi hakuuliza watu wangapi. Aliuliza wamesongana kiasi gani. Kaskazini Pemba, yenye Wete na Micheweni, ina kilomita za mraba 574. Kusini, yenye Chake Chake na Mkoani, ina 332. Gawa watu kwa ardhi: kaskazini unapata watu kama 474 katika kila kilomita ya mraba, kusini 817. Muhogo wake uko kweli katikati ya nyumba, na ukuta kwa ukuta uko kweli Chake. Karamu mbili zenye wageni sawa, moja imefanyika kiwanjani na moja sebuleni, hazifanani joto. Yeye aliyaona hayo kwa macho kila anapopanda gari kwenda kwa mwanawe. Mimi nilikuwa na namba zote mezani na sikuyaona.

Nikatengeneza ramani ya pili, ya msongamano. Ikatoka mbaya kuliko ya kwanza! Mjini Magharibi una watu 893,169 katika kilomita za mraba 230, yaani kama 3,883 kwa kila moja. Kaskazini Unguja ni 547, Kusini Unguja 229. Ukiiambia kompyuta ipange rangi kwa kipimo kinachopanda taratibu kutoka 229 hadi 3,883, Mjini unakuwa mweusi na mikoa mingine minne inarundikana chini ya sehemu moja ya sita ya kipimo, yote imepauka. Wale 474 na 817 wa shangazi wakarudi kuwa rangi moja. Ni kama picha ya harusi aliyosimama mtu mmoja mrefu kupita kiasi: mpiga picha akirudi nyuma ili kichwa chake kiingie, wengine wote wanakuwa watoto.

Njia ni mbili tatu. Unaweza kupanga mikoa kwa nafasi, wa kwanza mpaka wa tano, kila mmoja na rangi yake. Katika R agizo hilo ni colorQuantile. Kila tofauti itaonekana, lakini mtazamaji hatajua kwamba baina ya wa kwanza na wa pili kuna shimo kubwa. Au unakata madaraja mwenyewe kwa colorBin: chini ya 300, 300 hadi 600, 600 hadi 1,000, zaidi ya 1,000. Nilichagua madaraja, nikayaandika pembeni ya ramani. Mwengine angekata pengine na ramani yake ingesema jambo jengine, bila ya kudanganya namba hata moja. Ndiyo maana mimi nikitumiwa ramani yenye rangi, kabla ya rangi natazama kile kisanduku cha pembeni. Kama hakipo, naifunga.

Kwa udadisi nikachora ya tatu, ya ongezeko tangu 2012. Kusini Unguja, uliopauka katika ramani zote mbili kwa kuwa una watu wachache na nafasi kubwa, ukageuka wa kwanza: kutoka 115,588 hadi 195,873, karibu asilimia 69 na nusu kwa miaka kumi. Mjini Magharibi umeongezeka kama asilimia 50, Kusini Pemba 39, Kaskazini Unguja 37, na Kaskazini Pemba 28 na nusu, wa mwisho. Jedwali ni lilelile. Mtu akikutumia ya kwanza atasema mji umejaa. Akikutumia ya tatu atasema kimbilieni kusini mkawahi viwanja.

Rangi zenyewe pia zina maneno. Mwanzo nilitumia nyekundu, na watu watatu wakauliza kuna maradhi gani Mjini. Nikahamia kijani. Hakuna aliyeuliza tena.

Kisiwa kilichozama

Kabla ya kutuma nililipunguza faili uzito, kwa sababu ami alishalalamika juu ya bando lake. Pwani ya Pemba ina maghuba na mikoko mingi, mstari wake una maelfu ya nukta, na kila nukta inachukua nafasi. Kuna kifurushi kiitwacho rmapshaper kinachopunguza nukta na kuliacha umbo linatambulika. Nikakiambia kibakishe nukta moja katika kila mia. Faili likawa jepesi kama unyoya, nikatuma, nikalala.

Alfajiri nikakuta ujumbe wa ndugu yetu wa Kojani, aliyekuwa dago, kambi ya wavuvi, na wenzake: "Kaka, Kojani mmeizamisha lini? Nimeacha watoto kule."

Nikaifungua ramani. Kojani haikuwepo. Fundo haikuwepo. Kisiwa Panza hakikuwepo. Visiwa vidogo vilikuwa na nukta chache tangu mwanzo, na zilipopunguzwa hazikubaki za kutosha kuchora umbo lolote. Kifurushi kina agizo la kuzuia maumbo yasipotee, lakini kwa kompyuta mkoa mzima ni umbo moja lenye vipande vingi, na kikibaki kipande kimoja kikubwa inaona umbo limenusurika. Kwanza unatakiwa kuvitenganisha visiwa, kila kimoja kisimame peke yake, kisha ndipo upunguze. Maneno mawili ya kuongeza, keep_shapes na explode, na mimi nilikuwa sikuyatia.

Nikatuma faili jipya kabla ya saa mbili asubuhi. Akajibu mchana, mtandao ulipomfikia. Kisiwa amekiona, kimerudi mahali pake, ila amekivuta mpaka mwisho na nyumba yake haioni. Nikamwambia hiyo nimeiacha nje kwa makusudi.